Daktari Aliyesalimia kwa Pembeni

Daktari wa Macho alikuwa na salamu mbaya, na huku kwetu hilo si jambo dogo. Kwenye milima hii ya Kasulu na Kibondo salamu ni kazi yenye hatua zake. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, za mvua, halafu ukimaliza unaanza tena kana kwamba hujauliza. Anayesalimia harakaharaka watu humwangalia mara mbili. Yeye alisimama kando ya mlango wa chumba chake, akasubiri mgonjwa aingie, kisha akamnyooshea mkono kutoka pembeni, usawa wa kiuno, kimya kabisa, kama mtu anayeomba kitu kwa siri. Wazee walichukia. Mama mmoja kutoka Muyama alimwambia waziwazi kwamba kwao hawakumfunda.

Mimi niliingia nikampita. Makao yake ya kazi yalikuwa Kibondo, lakini kila mwezi aliletwa Kasulu kwa siku kadhaa, na siku hizo ndizo nilizomkuta. Nilitoka Kagerankanda nikiwa na jeraha kwenye paji la uso, maana jioni moja mimi, baiskeli yangu na gunia la maharage tulikuwa tumeingia wote kwenye ubavu wa ng'ombe aliyesimama barabarani. Ng'ombe mweupe, mkubwa, ambaye kijiji kizima kilimwona isipokuwa mimi. Muuguzi wa hospitali aliyenishona ndiye aliyesema nisirudi nyumbani kabla ya kupita kwa Daktari wa Macho. Nikavuta kiti nikakaa.

"Kijana," sauti ikasema nyuma yangu, "nimekupa mkono."

Nikageuka. Kweli, mkono ulikuwa bado uko palepale, hewani.

"Samahani, daktari. Sikuuona."

"Na mchana kweupe," akasema, lakini hakukasirika. Alisema kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa akikitafuta. "Kwenu wapo wengine wasioona mkono?"

Swali lile lilinichoma kuliko sindano ya muuguzi. Kwetu tulikuwa na jina. Babu yangu alivuka kutoka Burundi akiwa na mkewe na watoto, akalima, akazeeka hapa, na baba yangu ndiye aliyepata uraia. Ilipofika jioni, mtu akikutana na babu njiani akamwinamia, babu alipita. Ukimpa baba mkono kanisani kutoka upande, baba aliuacha. Majirani hawakuwa na maelezo mengine, wakatuita Abibone, yaani wenye majivuno. Walisema, wale wakimbizi wamepewa vitambulisho sasa hawasalimii watu. Nilikua nikisikia hivyo. Nikiwa shule nilipigana kwa sababu ya jina hilo, na mara nyingi nilipigwa, kwa kuwa ngumi zilizotoka pembeni sikuziona zikija.

Sikumwambia daktari yote hayo siku ile. Nilimwambia tu kwamba baba yangu haoni vizuri, na babu alikufa akiongozwa kwa fimbo. Akauliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye mmoja, wa kike, Jeneroza, anatambaa. Akavuta karibu mashine yake ya kupiga picha za macho.

"Kidevu hapa. Paji la uso hapa, polepole na hizo nyuzi. Usiniangalie mimi, mimi si mzuri. Angalia taa."

Maneno hayo aliyasema kwa kila mtu, tangu mtoto hadi padri, na kila mara alicheka yeye mwenyewe kwanza.

Kuhusu picha zake kuna hadithi ambayo Kasulu wanaisimulia mpaka leo. Kamera ile ilipofika mara ya kwanza, ilitangazwa makanisani kwamba anakuja daktari anayepiga picha za macho, watu wote wafike. Wakafika. Wanaume walivaa suti zao za harusi. Akina mama walikuja na vitenge vipya na nywele zimesukwa, watoto wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Bwana mmoja alitaka apigwe na mkewe pamoja, wakitazamana. Daktari mwingine angewafukuza, au angewacheka mbele yao. Yeye aliwapanga kwenye foleni, akawatia matone ya kupanua mboni, akawakalisha kwenye benchi na suti zao, machozi yakiwatiririka kwa mwanga, kisha akawapiga mmoja mmoja bila kuruka mtu. Siku ile aligundua wenye presha ya macho na wenye kisukari ambao hawakuwa na habari, watu ambao kama wangeambiwa njooni mpimwe wangebaki shambani. Tangu hapo tangazo halikubadilishwa. Wenzake walimwambia si sahihi, akajibu kwamba picha anapiga na macho ni ya kwao, uongo uko wapi?

Yule mama wa Muyama alitaka ya kwake aende nayo nyumbani. Daktari akamchapishia. Ilining'inia ukutani kwake karibu na kalenda ya kanisa, duara la rangi ya chungwa lenye mishipa kama mizizi, na wageni walipouliza ni nini alisema, "Ni mimi."

Na kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako alikwenda pia, kulikuwa na bibi mmoja Mkongomani aliyeiangalia picha yake kwenye kioo cha mashine kwa muda mrefu.

"Dokteri, hii foto ni ya miye?"

"Ni yako, mama. Ndani ya jicho."

"Basi ndani niko muzuri kupita inje."

Daktari wa Macho aliichukua kauli hiyo akaifanya mali yake. Aliirudia Kibondo, aliirudia Kasulu, aliirudia kwenye harusi, kwa lafudhi ile ile, na aliyekwisha kuisikia alilazimika kucheka tena.

Kamera yenyewe aliipenda kupita kiasi. Kwenye gari aliipakata magotini, imefungwa kwa kitenge cha mkewe, na kila dereva alipopita shimo aligeukiwa kwa jicho kali. Niliwahi kupanda nao kutoka Kasulu hadi Kibondo, na kwenye kila mteremko nilimsikia akiiambia, "Vumilia, mama." Lakini yeye mwenyewe hakupigwa picha. Kwenye sherehe ya kumuaga muuguzi mkuu wote walijipanga mbele ya jengo, naye alijificha nyuma ya mtu mrefu. Nilimuuliza kwa nini. Alisema yeye anajua picha inaweza kuonyesha nini.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Aliyemkuta na macho yaliyotiwa maji ya majani au asali alimfokea hadi kwenye korido wakasikia, kisha baada ya kumaliza kufoka alimsafisha kwa mikono laini kuliko ya mama mzazi. Na huyo huyo anayefoka kuhusu asali alifuga nyuki nyumbani kwake Kibondo, akaamini kabisa kwamba asali inatibu kifua, tumbo, usingizi na huzuni. "Kila mahali," alisema, "isipokuwa machoni." Aliimba vibaya, kwa sauti kubwa. Alikata watu maneno. Ukimsimulia jambo, katikati alikuuliza swali la kitu kingine, na wewe ukasahau ulikuwa wapi.

Tena alikuwa na ugumu mmoja uliowachosha ndugu za wagonjwa: hakuahidi. Neno lake lilikuwa "sijui bado." Mama anamshika koti, daktari, mwanangu ataona? Sijui bado. Wengi waliondoka wakinung'unika kwamba serikali imewaletea daktari asiyejua. Mimi pia, siku ile ya kwanza, aliniwekea picha yangu kwenye kioo, akaniacha niiangalie, nikamuuliza ni nini, akasema sijui bado.

Lakini alinionyesha. Katikati palikuwa safi, pana rangi ile ya chungwa kama ya watu wengine. Kuzunguka, kwenye ukingo, palikuwa na alama nyeusi nyingi, kama chapati iliyoungua pembeni.

"Hizi nyeusi ndizo zinazonila?"

"Hizi ni alama za pale palipokwisha kuliwa. Retina ni ngozi nyembamba sana iliyo nyuma ya jicho, ndiyo inayoona. Yako inaanzia kufa pembezoni. Ndiyo maana mkono wangu hukuuona, na ng'ombe wa watu hukumwona."

"Ni ugonjwa gani?"

"Ninao mawazoni. Nikimwona baba yako nitakuwa na mawazo mazuri zaidi. Na ndugu zako wote, hata wanaoona."

Akaja. Hilo ndilo ninalomheshimia hadi leo kuliko yote. Angeweza kutuita, nasi tungekuja wawili watatu, wengine wangesema mvua. Alikuja Kagerankanda na kamera yake ndogo ya mkononi, amevaa viatu vya mpira, akashuka kwenye gari la hospitali na kitenge chake kifuani kama mtu aliyebeba kichanga. Tulifunika madirisha ya chumba cha baba kwa mablanketi ili pawe na giza. Baba, ambaye wakati huo alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu, alikuwa ameoga tangu alfajiri na kuvaa koti lake la kanisani. Alikaa wima kitandani, akauliza kama tai imekaa sawa.

"Imekaa sawa, mzee," Daktari wa Macho akajibu, akapiga magoti mbele yake kumnyooshea tai ambayo haitaonekana kwenye picha yoyote.

Alimpiga baba, akanipiga mimi tena, akampiga kaka yangu ambaye usiku anawinda panya kwa tochi mbovu na hajawahi kujikwaa. Kaka alikuwa safi hadi kwenye ukingo. Baba alikuwa mweusi karibu kote, limebaki doa dogo la rangi katikati. Daktari aliziweka picha zetu tatu pamoja, ya baba, yangu, ya kaka, na hata mimi niliyeishia darasa la saba niliona kwamba ya kwangu iko njiani inaelekea kwenye ya baba. Bado hakusema. Alisema picha anazituma kwa daktari bingwa Dar es Salaam, wanaangalia wawili, hataki kutupa neno la mtu mmoja.

Kuhusu namna alivyotoa habari, hapo ndipo tabia yake ilikuwa ya ajabu, na mtu aliyemfahamu aliweza kumsoma. Habari mbaya aliitoa mara moja, ungali umesimama, maneno machache, kisha alikaa nawe kimya muda wote uliohitaji. Habari njema aliizungusha. Ilikuwa furaha yake, hakutaka iishe. Mzee mmoja aliyekuwa na mtoto wa jicho tu, kitu cha kufanyiwa upasuaji na kuona tena, alizungushwa na habari za nyuki, mizinga na malkia hadi akaangua kilio akidhani anaagwa.

Majibu yetu yaliporudi, alikuja hadi Kagerankanda. Nilimwona akishuka kwenye gari, nikaenda kumpokea, na kabla sijainama kumsalimia akasema, "Ni ya ukoo. Dawa hakuna. Itaendelea, lakini taratibu, na katikati patabaki kwa miaka." Nikajua amenipa heshima yote aliyonayo. Aliutaja ugonjwa kwa jina lake refu la kitaalamu, nikaomba alirudie, akalirudia, kisha akasema tusihangaike nalo, ni nadra, hata madaktari wengi wanalisoma tu vitabuni. Mzazi mwenye nao, kila mtoto wake ni nusu kwa nusu. Anaupata au haupati. Hakuna aliyemfanyia mwenzake kitu, si mke, si jirani, si mizimu ya Burundi. Na matone yoyote nitakayouziwa sokoni kwa ajili yake ni maji.

"Na Jeneroza?" mke wangu akauliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu amembeba mtoto mgongoni.

"Sijui bado."

"Si umpige picha sasa hivi?"

"Sasa hivi haitaniambia kitu, mama. Ugonjwa huu mtoto anazaliwa nao umejificha. Picha safi leo itakudanganya. Kwenu, kwa jinsi mlivyonieleza, mikono ilianza kupotea ujanani. Mlete akifika kimo cha kubeba ndoo kubwa. Tutampiga na mashine itakayokuwapo wakati huo."

"Halafu miaka yote hiyo mimi nifanye nini?"

"Mlee," akasema.

Mke wangu hakumpenda siku ile. Daktari alipogeuka kuelekea kwenye gari, mke wangu alisema kwa Kirundi kwamba daktari huyu ana moyo wa jiwe, akamshusha mtoto, akaenda jikoni, na nilimsikia akilia. Mimi sikulia. Nilikaa nikimwangalia mtoto akitambaa, nikafanya kitu ambacho nilikifanya tena na tena miaka yote iliyofuata: nilisukuma kikombe cha plastiki polepole kutoka ubavuni mwake, nione kama atageuka.

Kabla ya kupanda gari, daktari alirudi ndani kwa baba. Nilikuwa mlangoni nikasikia.

"Mzee, watu wa hapa wanajua kwa nini huwapokei mikono?"

"Oya, hawajui. Wanasema ni majivuno."

"Ninaweza kuwaeleza. Lakini macho ni yako. Ukisema nisiseme, sitasema."

Baba alifikiri. "Nitasema mwenyewe," akajibu.

Jumapili iliyofuata baba aliongozwa hadi mbele ya kanisa, wakati wa matangazo, baada ya tangazo la mnada wa mahindi. Alishika meza ya mhubiri asiyumbe. Mikononi alikuwa na ile picha yake iliyochapishwa, ambayo yeye hakuweza kuiona, akaiinua ikiwa imegeuzwa juu chini.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi miaka yote sikuwa ninawadharau. Nilikuwa sioni mikono yenu. Daktari amepiga picha, ni hii. Mtu niliyemwacha na mkono hewani anisamehe, na kama bado ananyoosha, aje mbele yangu nimpe."

Jirani yetu seremala alikuwa hajaongea na baba tangu msiba wa mama yake, kwa sababu siku ya mazishi alimpa baba mkono, na baba akapita kwenda kuketi. Huyo ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alienda akasimama mbele ya baba, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, na hakuna aliyemsikia alichosema. Nilimsimulia Daktari wa Macho. Alichukua kitambaa akaanza kufuta lensi ambayo ilikuwa safi, akaifuta kwa muda mrefu sana.

Tangu hapo kijiji chetu kina namna yake ya kutusalimia. Anayekutana na mtu wa kwetu jioni anatangulia kutoa sauti na jina lake: mwiriwe, ni mimi, seremala. Kisha anakugusa bega. Wageni wanaotoka Kasulu mjini wanashangaa, wanadhani ni mila ya zamani. Jina la Abibone wanalitumia bado, lakini kwa utani, na mimi huitika.

Baiskeli aliniamuru niiache. "Mpe mkeo," alisema. Nikamwambia huku mwanamke hampakii mumewe. Akaniuliza kama ng'ombe nao wana maoni. Basi mke wangu akajifunza, na siku za soko mimi hukaa nyuma juu ya gunia, na wanaume wa Kagerankanda walicheka msimu mzima, kisha wakachoka. Siku hizi mke wangu anasema daktari yule hakuwa na moyo wa jiwe, alikuwa tu hataki kuuza kitu ambacho hana. Baba alikufa akiwa na amani na watu wake, na seremala ndiye aliyemtengenezea jeneza, akakataa asaidiwe hata kupiga randa.

Daktari wa Macho alistaafu. Chumba chake kilichukuliwa na daktari wa kike, kijana, mpole, ambaye anasalimia watu vizuri kwa mbele. Kuna mashine mpya Kibondo, inayoonyesha retina tabaka kwa tabaka na kupiga picha za kijivu zinazoonyesha ugonjwa kabla ya ile nyeusi kutokea. Jeneroza alifika kimo cha kubeba ndoo kubwa, akakipita. Hatukumpeleka mwaka ule. Tulisema mavuno, tukasema mitihani. Mwishowe ni yeye mwenyewe aliyesema, jioni moja akiosha vyombo, "Baba, hicho kikombe usinisukumie tena. Twende Kibondo nikapigwe picha."

Tulikwenda. Yule daktari wa kike alimpiga picha zote, akazituma kwa bingwa, akatuambia tusubiri. Majibu yalipokuja alinipigia simu, nami nikamwomba jambo ambalo sikuwa nimelipanga: asiniambie. Nilimwomba amtumie mzee, Daktari wa Macho. Alielewa. Alimuuliza kwanza Jeneroza, Jeneroza akakubali.

Kwa hiyo alasiri moja mimi na binti yangu tulishuka kwenye basi Kibondo, tukapanda kilima hadi nyumbani kwa Daktari wa Macho. Mke wangu alibaki nyumbani, alisema miguu yake imekataa. Mzee alikuwa kati ya mizinga yake. Alituona, nikajua ametuona kwa sababu aliacha kuimba. Nilisimama. Niligeuza kichwa huku na huku nimpate kwenye kile kidirisha kilichobaki katikati ya macho yangu, nikamkosa, halafu akaja mwenyewe akasimama mbele yangu kabisa, kwenye jua, na mkono wake ukainuka katikati ya kidirisha pale pale ninapoona. Miaka yote hakuwahi kunisalimia kwa mbele. Nilimshika mkono, nikasubiri, kwa sababu kama ni mbaya angesema sasa, tungali tumesimama.

"Mwiriwe," akasema.

"Mwiriwe, mzee."

"Habari za Kagerankanda? Maharage yamekubali?"

Nikasema yamekubali. Akauliza habari za mke wangu, za baiskeli, za seremala, za mvua. Halafu akaanza upya, za mke wangu, za baiskeli. Akamwambia Jeneroza kwamba malkia wa mzinga wa tatu ni mkorofi. Akaenda ndani akarudi na asali kwenye bakuli, akaeleza inavyotibu huzuni. Nikakaa kwenye gogo. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, na sikuthubutu kuelewa.

Ndipo akatoa simu mfukoni. "Macho ni yako," akamwambia Jeneroza. "Baba yako aangalie?"

"Ego. Aangalie."

Akaniwekea simu mkononi, na picha ya binti yangu ikiwa wazi. "Wewe unajua yale meusi ya kwenu, yale masizi, yanakaa wapi. Tafuta."

Mimi picha nzima siioni kwa pamoja. Naona kipande, kisha nasogeza. Nilianzia katikati, nikaenda juu, nikafuata ukingo wote kama mtu anayekagua mshono wa gunia, kulia, chini, kushoto, nikarudi juu. Rangi ya chungwa. Mishipa. Rangi ya chungwa. Nikaomba ile ya kijivu, akanifungulia, nikaizunguka nayo. Kisha nikaanza tena mwanzo, na hakuna aliyeniharakisha.

"Hakuna kitu, mzee," nikasema.

"Na bingwa kasema hivyo. Na tabaka zote zimekaa sawa. Kwa ugonjwa wa kwenu, kwa umri huu, ungekuwa umeshajionyesha."

"Unajua kweli, au bado?"

"Najua," akasema.

Nililia mbele ya nyuki na mbele ya mtoto, wala sikuona haya. Yeye akakaa kwenye gogo pembeni yangu, kimya, mpaka nilipomaliza, kama anavyofanya kwa wale wa habari mbaya.

Jua lilipokuwa linazama alitusindikiza kwenda barabarani, amenishika kiwiko. Kwangu saa ile dunia inakuwa imekwisha, nilisikia tu changarawe na mbuzi. Jeneroza alikuwa ametangulia. Nikasikia makofi yake ya taratibu, na sauti yake ikisema mwiriwe, na bibi fulani akimwitikia kutoka upande wa shamba, mahali ambapo mimi sikujua kama kuna mtu. Akaenda mbele kidogo, akasimama tena. Mwiriwe, baba. Halafu mwingine, wa mbali, ng'ambo ya barabara, Jeneroza akamwita kwa sauti ili salamu imfikie. Hakumruka hata mmoja.

"Unasikia?" mzee akaniuliza.

"Nasikia."

Tukapunguza mwendo, ili aendelee kusalimia.